Nimemsomesha meneja, madumu yanazidi kupungua. Nimfukuze?

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa miaka 46, mjane, nipo Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Nina kinu cha kukamua mawese alichokianzisha marehemu mume wangu. Tuna presi mbili, matangi mawili ya kuchemshia, na watu 19 ukihesabu na wanaopakia. Mafuta yetu yanakwenda Kahama na Tabora, mengine yanabaki hapa hapa kwa watengeneza sabuni.

Mume wangu alipofariki mwaka 2021 sikuwa najua hata mashine inawashwaje. Aliyenishika mkono ni kijana mmoja, fundi wetu wa mashine. Huyu akisikia mlio tu anajua presi inataka nini. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Basi mwanzoni mwa mwaka jana nikamfanya meneja, nikamwongeza mshahara, nikampa na chumba kidogo cha ofisi. Nilidhani nimempa heshima anayostahili.

Dada, tangu siku hiyo tunarudi nyuma. Zamani tani moja ya mikungu ya chikichi ilitupa madumu sita ya lita 20. Sasa yanatoka manne na nusu, siku mbaya manne. Mteja wa Kahama amenirudishia madumu kumi, anasema mafuta yanakwaruza koo. Mikungu inafika, inalala uwanjani siku tatu, nne, kwa sababu mpiga moto hakuja, au kuni hazijafika, au presi moja imesimama. Aliyechukua nafasi ya kijana kwenye presi alifundishwa siku mbili tu, na mpaka leo anababaisha. Na meneja mwenyewe ukimtafuta ofisini humkuti. Yuko chini ya mashine, ana grisi mpaka viwikoni. Wafanyakazi wakigombana ama anakaa kimya ama anafoka.

Mwezi wa tano nikaamua kumsomesha. Nikamlipia semina ya siku tano Dar es Salaam, ya uongozi na usimamizi wa biashara. Ada, nauli, malazi, posho, si pesa ndogo kwa kinu kama changu. Akarudi na cheti na begi. Wiki ya kwanza alikuja na daftari, anataka kila zamu iandike mikungu iliyoingia, saa moto ulipowashwa na madumu yaliyotoka. Nikamwambia, mwanangu, mambo ya kuandikaandika ni ya ofisi za serikali, sisi watu wanasubiri mafuta. Baada ya hapo sijaona jipya lolote. Cheti kipo ukutani.

Mimi siwezi kukaa mbali na kinu. Hata nikiwa msibani simu inaita, wanajua mama ndiye mwenye mali. Mtu akiuguliwa na mtoto ananipigia mimi, namruhusu, ubinadamu ndivyo ulivyo. Kuni naagiza mimi, wakulima nawalipa mimi.

Shemeji yangu anasema nimfukuze. Kwake mafunzo ni kutupa hela, meneja anazaliwa nayo, hafundishwi. Anataka tuchukue mkopo wa shilingi milioni 18 tununue presi kubwa inayokamua mara mbili ya hizi zetu. Roho inanisita. Kijana huyu alinifaa nilipokuwa gizani. Lakini kinu kikifa nitawaambia nini watoto wangu na hao watu 19?

Kinachonipa moyo ni kwamba majirani bado wanatupenda. Wanapanga foleni kuchukua makapi ya kuwashia jiko. Wanasema makapi ya kinu chetu yanashika moto kuliko ya kinu kingine chochote hapa Mwandiga.

Nimfukuze, dada? Ninunue presi? Au nimrudishe tena kozi?

Mama mwenye kinu, Mwandiga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mzigo huo.

Nianze na makapi, kwa sababu hapo ndipo nilipoirudia barua yako mara ya pili. Makapi yaliyokamuliwa sawasawa yanawaka, lakini hayapangiwi foleni. Yanayogombaniwa na mtaa mzima ni yale yenye mafuta ndani. Kesho presi ikishaanza kazi, chukua konzi moja ya makapi pale yanapotokea, subiri yapoe kiasi cha kushikika, kisha yaminye kwa nguvu zako zote. Fungua kiganja. Ukiona mafuta mekundu yamejaa kwenye mistari ya kiganja na yanateremka kuelekea kwenye kifundo cha mkono, basi lile dumu moja na nusu unalolitafuta katika kila tani umeliona. Linapikia maharage ya majirani.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo haibaki kwa sababu presi ni ndogo. Inabaki kwa sababu tunda limeingia kwenye presi halijaiva vizuri tangini, au liliiva likaachwa likapoa. Mawese yakipoa yanakuwa mazito, hilo unalijua tangu jikoni kwa mama yako. Yakishakuwa mazito ndani ya nyuzi za tunda, chuma kitaminya na kuminya, na mengi yatatoka na makapi. Na huko kukwaruza koo anakokusema mteja wa Kahama, chanzo chake kipo uwanjani. Tunda likishachubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta, na asidi inapanda kila siku inayopita. Kinachokizima kimeng'enya hicho ni moto wa kuchemsha. Kinu kinachojali mafuta yake hujitahidi mikungu isilale zaidi ya siku moja au mbili. Wewe yako inalala tatu, nne.

Kwa hiyo presi ya milioni 18 itapokea matunda yale yale yaliyolala na yasiyoiva, ila itayaharibu kwa kasi mara mbili, huku benki ikidai marejesho kila mwezi. Mkopo huo usiusaini kwa sasa.

Sasa tazama ulichoniandikia. Kuni hazijafika. Mpiga moto hakuja na hakuna aliyejua mapema. Mtu mpya wa presi kafundishwa siku mbili. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni ubovu wa chuma. Vyote ni mambo ya nani anajua nini, nani anaamua nini, na nani kamfundisha nani. Huo ndio usimamizi, na shemeji yako amekosea anaposema haufundishiki. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno kwa sababu limepimwa viwandani, na si mara moja.

Mwaka 2008 wachumi wa vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na mmoja wa Benki ya Dunia, walianza kazi na kampuni 17 za nguo karibu na Mumbai, India. Zilikuwa kampuni za kifamilia kama yako, ingawa kubwa kuliko yako. Ndani ya viwanda vyao nyuzi zilirundikwa bila orodha, zana hazikuwa na mahali pake, mashine ilitengenezwa ikishakufa, na kitambaa chenye kasoro kilirekebishwa bila mtu kuandika kasoro imetoka wapi. Baadhi ya viwanda vikapewa washauri wa usimamizi kwa miezi mitano, vingine vikawa vya kulinganishia. Washauri hawakuleta mashine mpya. Walifundisha kuandika kila siku kilichotoka na kilichoharibika, kuikagua mashine kabla haijagoma, kupanga stoo, na kukaa pamoja asubuhi kuzitazama namba za jana. Mwaka wa kwanza tu, tija ya viwanda vilivyofundishwa ilipanda kwa asilimia 17. Na wenye mali, kwa nini hawakuyafanya hayo tangu zamani? Wengi hawakuwa wameyasikia, au waliyasikia wakaona hayawahusu.

Umeikumbuka daftari? Kijana wako alirudi kutoka Dar es Salaam na kitu kile kile. Mikungu iliyoingia, saa ya moto, madumu yaliyotoka. Katika siku zile tano alisikia mengi, na kati ya yote akachagua lile ambalo kinu chako kinalihitaji kuliko mengine. Ulilipia mafunzo, mafunzo yakaja mpaka mlangoni, ukayarudisha. Sikulaumu, mdogo wangu. Ulikuwa na wateja wanasubiri, na marehemu alikuwa anaviweka vyote kichwani. Lakini kichwa kile hatunacho tena, na hakuna mtu mwingine Mwandiga anayeweza kukumbuka kichwani kwamba Jumanne wiki iliyopita moto uliwashwa saa nne badala ya saa kumi na mbili.

Kuna jambo jingine katika habari ya India ambalo ningependa ulitazame kwa utulivu. Namba zilipoanza kuandikwa, wenye viwanda wakaanza kuwaachia mameneja maamuzi zaidi. Sasa waliweza kujua kinachoendelea bila kusimama mlangoni kutwa. Wewe unasema huwezi kukaa mbali na kinu. Naamini huwezi kwa sababu ukiondoka hapo hakuna karatasi itakayokwambia ukweli ukirudi. Daftari ndiyo itakayokuruhusu ukae msibani ukalia na wenzako simu ikiwa kwenye mkoba.

Na simu hiyo tuizungumze. Mpiga moto anakupigia usiku, mtoto ana homa, unamruhusu. Umefanya vema kama mama. Asubuhi meneja anafika, tangi ni baridi, mikungu ipo chini, watu wamekaa kwenye kivuli wanamtazama yeye. Atafanya nini? Atafoka, au atakwenda kujificha chini ya mashine. Kuanzia sasa mtu akikupigia kuomba ruhusa muulize kwa upole, "Umeshamwambia meneja?" Kama hajamwambia, mrudishe huko. Meneja ndiye aruhusu, na ndiye atafute wa kushika moto. Hela ya kuni nayo mkabidhi yeye, ya wiki moja moja kwanza, aiandike. Kumwita mtu meneja huku kuni zinaagizwa na mwingine ni kumpa jembe lisilo na mpini.

Mashine zile anazojificha chini yake nazijua. Nilikuwa fundi, baadaye nikapandishwa kuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, kisa nilikuwa naijua mashine kuliko wanaume wote wa zamu ile. Hakuna aliyenikalisha hata saa moja kunieleza kazi yangu mpya ni ipi. Miezi ya mwanzo nilikuwa nashika spana kila nikiogopa kuzungumza na watu. Nikiwa na spana nilijua kazi. Nikiiweka chini nilikuwa mgeni. Nina hakika kijana wako yuko hapo hapo leo, na inauma.

Tena haliko kwetu tu. Mwaka 2019 wachumi watatu walichapisha utafiti juu ya wauzaji katika kampuni za Marekani. Waliokuwa wanauza sana ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kupandishwa kuwa mameneja, na kadiri mtu alivyokuwa muuzaji hodari zaidi kabla ya kupandishwa, ndivyo mauzo ya watu wa chini yake yalivyoelekea kushuka. Kuijua kazi ni jambo moja, kuwafanya wengine waijue ni jambo jingine, na ukimchagua mtu kwa la kwanza bila kumfundisha la pili unapoteza pande zote mbili. Wewe umempoteza fundi wako bora wa presi na meneja hujampata bado.

Kabla ya yote mkalishe. Msikae ofisini kwake wala kwako, kaeni mahali mtakapokunywa chai. Muulize kama kazi hii anaitaka. Kuna mafundi ambao ukiwauliza hivyo machozi yanawalenga, wanasema mama nirudishe kwenye mashine yangu. Akisema hivyo, mrudishe kwa heshima, awe fundi mkuu, mshahara usiuguse, utafute msimamizi mwingine. Haitakuwa aibu yake wala yako. Akisema anaitaka, mwombe radhi kwa ile daftari. Utaona uso wake.

Kisha daftari ianze, ikae pale kwenye mizani, na kalamu ifungwe kwa kamba. Iandikwe kilo za mikungu na siku ilipofika, saa moto ulipowashwa, saa kukamua kulipoanza, madumu, na sababu ya kila kusimama. Isizidi ukurasa mmoja kwa siku. Kila asubuhi yeye na watu wa zamu wasimame dakika kumi waisome ya jana. Wewe uisome Jumamosi, ukiwa naye. Wiki mbili za kwanza namba zitakuwa mbaya kuliko ulivyodhani. Usimkaripie mtu kwa namba aliyoiandika kwa ukweli, la sivyo wiki ya tatu utaandikiwa uongo.

Kuhusu mtu wa presi anayebabaisha, kuna njia ya zamani ninayoiamini sana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa Marekani walikwenda jeshini na viwanda vikajaa watu wasiojua kazi. Kati ya 1940 na 1945 Wamarekani wakaendesha mpango wa kuwafundisha wasimamizi. Somo la jinsi ya kumfundisha mtu kazi lilichukua saa kumi tu, vipindi vitano vya saa mbili mbili, na mpango mzima ukafikia wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Mfundishaji anamtuliza kwanza mwanafunzi na kujua anachokijua tayari. Anamwonyesha kazi hatua kwa hatua, akimweleza kwa nini kila hatua iko hivyo. Anamwachia aifanye huku akiieleza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Kisha anamwacha peke yake, lakini anarudi kumtazama, mara nyingi mwanzoni, baadaye mara chache. Walikuwa na kauli kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hakufundisha. Kijana wako akimshika huyu wa presi kwa namna hiyo wiki moja, hasa lile la "kwa nini tunda lisipoe", mambo mawili yatatokea kwa pamoja: presi itapata mtu, na yeye ataonja kwa mara ya kwanza kazi ya umeneja.

Mafunzo yale baada ya vita yalipelekwa Japani, yakawa sehemu ya mizizi ya kile ambacho leo tunakiita kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Wizara yetu ya viwanda imekuwa ikishirikiana na Wajapani kuwafundisha wenye viwanda Tanzania mambo hayo. Kwa hiyo usimrudishe Dar es Salaam kwa sasa. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa hapo Kigoma, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako, uwaulize mafunzo waliyonayo na kama mkufunzi anaweza kuja kinuni akasimama kwenye tangi na presi pamoja na watu wako. Na mafunzo yakija, wewe uwe wa kwanza kukaa. Meneja aliyesoma chini ya mwenye mali asiyejua alichosomea anarudi pale pale kwenye cheti cha ukutani.

Usitegemee kwamba ikishika mara moja imeshika. Wachumi wale walirudi India miaka kadhaa baadaye, wakakuta karibu nusu ya yale waliyofundisha yameachwa. Mara nyingi ni meneja alikuwa ameondoka, au mwenye mali hakuwa na muda tena wa kufuatilia. Hata hivyo vilivyofundishwa bado vilikuwa mbele ya wenzao. Ndiyo maana nakusihi hiyo Jumamosi usiiache, hata daftari ikianza kukuchosha. Na ndiyo maana sitaki umfukuze huyu wakati ambapo ndiye pekee kinuni aliyewahi kutaka kuandika kitu.

Shemeji mheshimu, huenda siku moja presi mtaihitaji kweli. Mwambie unaomba miezi mitatu, na mwonyeshe daftari kila mwezi. Kama anapenda mifano mikubwa, mpe ya Italia. Kati ya 1952 na 1958, kwa msaada wa Marekani, kampuni nyingine za huko zilipeleka mameneja wao kujifunza kwenye viwanda vya Marekani, nyingine zikapata mashine mpya tu. Mchumi Michela Giorcelli alizifukua kumbukumbu zao na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Waliopata mashine walipanda kwa muda, kisha faida ikafifia. Waliosomesha mameneja walikuwa bado wanawazidi wenzao miaka 15 baadaye. Kama baada ya miezi mitatu tani inatoa madumu sita tena, mikungu hailali, na bado wakulima wanarudishwa na mikungu yao kwa kukosa nafasi, basi hapo presi kubwa ina hoja, na benki mtakwenda mkiwa na namba mkononi.

Mteja wa Kahama mpigie leo, usingoje. Mwambie umejua tatizo liko wapi.

Na majirani wakianza kulalamika kwamba siku hizi makapi ya kinu chenu hayashiki moto kama zamani, niandikie.